Ubalozi wa Kununua na Kamera ya Kuficha

Mzungu mrefu mwenye upara na ndevu za rangi ya kutu ameketi na dalali, anauliza bei. Hanunui gari wala kiwanja. Anataka kuwa mwanadiplomasia wa Liberia. Dalali hashtuki hata kidogo. Anamweleza nani wa kulipwa, karatasi gani itoke kwanza na ipi ifuate, kwa utulivu ule ule wa fundi cherehani anayekupima suti.

Mzungu huyo ni Mads Brügger, mwandishi wa habari na mtengenezaji wa filamu kutoka Denmark. Mazungumzo yale yalirekodiwa kwa siri, na mwaka 2011 yakaonekana hadharani ndani ya filamu yake, The Ambassador. Kwa fedha zilizopita dola 100,000 alijipatia karatasi za kumtambulisha kuwa konsuli wa Liberia katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Hakuwa Mliberia, wala hakuwa na shughuli yoyote Bangui, mji mkuu wa nchi hiyo. Alikwenda huko na kamera na mabunda ya noti, akaanza kuulizia almasi.

Filamu za namna hii ni za hali halisi, hupigwa kwa kujificha, hutumia tashtiti, yaani kejeli ya kusuta, na shabaha yake ni ufisadi wa wenye madaraka. Wengi huzichanganya na vile vichekesho vya kamera ya siri tunavyotumiana kwenye simu. Wengine huziweka fungu moja na upekuzi wa kawaida wa waandishi wa habari. Zina damu ya pande zote mbili, na ndiyo maana ubishi juu yake hauishi. Nimeirudia filamu ya Brügger mara kadhaa, na kila nikiirudia macho yangu yanamwacha yeye yanakwenda kwa watu waliomzunguka. Wapo waliojua kabisa kuwa wamo kwenye biashara chafu, na wapo ambao hawakuambiwa kitu. Kwangu mimi filamu ya aina hii hupimwa hapo, kwa namna inavyoyatendea makundi hayo mawili.

Cheo kinanunuliwa cha nini?

Tuanze na mzigo, kwa sababu bila kuuelewa mzigo huwezi kuelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu alipe fedha zote hizo apate kadi na muhuri.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia unasema mfuko wa kidiplomasia, yaani mzigo rasmi unaosafiri kati ya serikali na balozi zake, haufunguliwi wala hauzuiliwi. Nia ilikuwa njema, serikali ziwasiliane na balozi zao bila kuchunguliwa. Mkataba wa pili, wa mwaka 1963, unahusu makonsuli na umelegeza kidogo: nchi mwenyeji ikiwa na sababu nzito ya kushuku inaweza kuomba mfuko ufunguliwe, na wenyewe wakikataa, mfuko unarudishwa ulikotoka. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye karatasi. Uwanjani, saa nane za usiku, ofisa wa forodha mwenye mshahara wa kuungaunga hapekui vifungu vya mkataba. Anaona pasipoti ya rangi tofauti na zile alizozizoea, anaona muhuri, anapisha.

Kisha kuna huyu anayeitwa konsuli wa heshima. Si mtumishi wa wizara. Mara nyingi ni mfanyabiashara mwenye jina mjini, ambaye nchi ya mbali isiyomudu gharama za ubalozi kamili humpa kazi ya kuwasaidia raia wake wanaopotelewa na pasipoti, kupokea wageni, kuunganisha wafanyabiashara. Kinga yake ni finyu, inahusu kazi zake za kikonsuli tu, na wengi wao wanaifanya kazi hiyo kwa uaminifu bila hata mshahara. Lakini cheo ni cheo. Kina bendera ya mezani, kina kibandiko cha gari, na zaidi ya yote kina mlango ambao mtu wa kawaida hawezi kuubisha. Mwaka 2022 muungano wa waandishi wapekuzi wa kimataifa, ICIJ, pamoja na ProPublica walitoa uchunguzi uliowahesabu makonsuli wa heshima wasiopungua 500, wa sasa na wa zamani, ambao wamewahi kutuhumiwa kwa uhalifu au kuingia kwenye kashfa. Brügger alikuwa amekwisha kutuonyesha kaunta yenyewe ya soko hilo miaka 11 kabla.

Sasa ongeza almasi. Za Jamhuri ya Afrika ya Kati hutoka zaidi kwenye mchanga wa mito. Huchimbwa kwa sururu na koleo, huchekechwa na watu waliosimama kwenye maji kutwa nzima. Mchimbaji humuuzia mnunuzi wa kijijini, naye humuuzia wa mjini, na kila hatua bei inapanda huku jina la mchimbaji likipotea. Jiwe la thamani ya nyumba linaingia kwenye kiganja na nafasi inabaki. Tangu mwaka 2003 kuna Mchakato wa Kimberley, unaotaka kila kifurushi cha almasi ghafi kivuke mpaka na cheti chake. Ni hatua kubwa, sitaibeza. Ila fasili yake ya almasi za migogoro ni zile zinazowafadhili waasi wanaopigana na serikali halali. Waziri au mkuu wa usalama anayejichotea kutoka ndani ya serikali hiyo hiyo hamo kwenye fasili.

Na mchezo huu una historia. Tarehe 10 Oktoba 1979, Le Canard enchaîné, gazeti la tashtiti la Paris, liliandika kwamba Rais Valéry Giscard d'Estaing, alipokuwa waziri wa fedha mwaka 1973, alipewa almasi na Jean-Bédel Bokassa, mtawala wa nchi hiyo hiyo tunayoizungumzia. Kashfa ilimganda Giscard mpaka uchaguzi wa 1981, akashindwa. Naipenda sana kumbukumbu hii kwa sababu inaonyesha kwamba katuni na nyaraka zinaweza kulala kwenye ukurasa mmoja. Gazeti lile linachekesha tangu 1915, na wanaocheka hawakuwahi kudhani kwamba habari zake si za kweli.

Vazi linalofungua midomo

Ungetegemea mtu anayekwenda kuchunguza kwa siri avae kawaida, asiangaliwe mara mbili. Brügger alifanya kinyume. Alivaa buti ndefu za mpanda farasi na miwani myeusi, akavuta sigara kwa kishikio kirefu, akajitokeza Bangui kama mkoloni aliyetoka kwenye picha ya zamani iliyotundikwa ukutani. Vazi lile ni tusi. Linasema: hivi ndivyo mnavyotutazamia, na sisi ndivyo tulivyowahi kuwa. Na maajabu ni kwamba hakuna aliyemshuku. Kadiri alivyozidisha ndivyo milango ilivyofunguka.

Kwa nini? Nadhani jibu liko kwenye tabia ya rushwa yenyewe. Watu wawili wanaofanya biashara halali wakihitilafiana wana mkataba na wana mahakama. Wala rushwa hawana. Huwezi kumshitaki mtu kwa kuchukua hongo yako na kutokufanya kazi uliyomhonga. Kwa hiyo wanategemea dalili: nani amekuleta, umevaaje, unalipaje, unaongea kwa kujiamini kiasi gani. Anayejifunza dalili hizo anapita. Na akipita, ametuthibitishia jambo ambalo ripoti ya kurasa 200 huwa inalieleza kwa shida: kwamba mlango ule ulichongwa kwa ajili ya mtu wa namna ile, na kwamba wengine wa kweli wameshapita hapo kabla yake.

Hapo ndipo tashtiti inapoachana na upekuzi wa kawaida. Mwandishi mpekuzi hukaa nje ya uozo akauelekezea taa. Mwanatashtiti anaingia ndani akajipaka matope, akawa yeye mwenyewe mfisadi mbele ya macho yetu, ili tuone jinsi wenzake wanavyompokea. Hatupewi tuhuma. Tunapewa sauti za watu, namna wanavyocheka, namna wanavyoinamisha kichwa wakitaja kiasi.

Katika filamu ile kuna bahasha zinazotembea, na zinaitwa bahasha za furaha. Nilipolisikia jina hilo nilinyamaza kidogo, kwa sababu sisi nasi tuna yetu. Tuna chai, tuna soda, tuna kitu kidogo, tuna bahasha ya kaki ambayo kila mwandishi wa habari wa hapa kwetu amewahi kusogezewa. Wahenga walisema penye udhia penyeza rupia, na methali hiyo watu wanaitumia kama maelekezo ya njia. Kuna ofisi moja, sitaitaja, nilifuatilia hati kwa wiki tatu. Siku ya mwisho karani alilichomoa faili langu kutoka katikati ya rundo bila hata kutafuta, maana yake alijua lilipo siku zote. Akaliweka juu ya meza, akalifunika kwa kiganja, akasema mtandao unasumbua. Kisha akanyamaza akiniangalia. Kile kiganja juu ya faili ndicho ninachokiona kila nikitazama bahasha za Bangui zikipita mkono hadi mkono. Hakuna neno la rushwa lililotamkwa, na wote wawili tulielewana.

Kwa upande wa kamera, baadhi ya picha zilipigwa kwa kifaa kilichofichwa, na nyingine kwa kamera zenye umbo la zile za picha za kawaida, mtu akidhani anapigwa picha ya ukumbusho kumbe anarekodiwa na sauti. Ndivyo tulivyopata kumsikia mkuu wa usalama wa taifa wa nchi ile, mtu aliyewahi kuwa askari katika jeshi la kigeni la Ufaransa, akiongea mbele ya konsuli huyu kwa uwazi ambao asingeuthubutu mbele ya mwandishi wa habari. Filamu haijamalizika, mtu huyo akauawa. Hapo kicheko kinakatika ghafla. Unakumbuka kwamba Bangui si jukwaa, kwamba Rais François Bozizé aliingia kwa mapinduzi mwaka 2003, na kwamba Machi 2013, chini ya mwaka mmoja na nusu tangu filamu ionyeshwe, waasi wa Séléka waliuteka mji na nchi ikatumbukia kwenye umwagaji damu. Mwezi Mei mwaka huo almasi zake zikafungiwa na Mchakato wa Kimberley. Ule uozo uliokuwa ukitazamwa kwenye kumbi za sinema za Ulaya ulikuwa ufa wa nyumba inayokaribia kuanguka.

Kiberiti na hospitali

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma.

Konsuli anayetafuta almasi huhitaji shughuli ya kuonyesha watu. Brügger alitangaza kwamba angejenga kiwanda cha kiberiti, na kwamba wafanyakazi wake wangekuwa Waaka, watu wa msituni ambao kwa Kiswahili tumezoea kuwaita mbilikimo, jina ambalo wenyewe hawakulichagua. Akaletwa mtaalamu wa viberiti. Waaka wawili wakawa wasaidizi wake, wakawa wanaonekana pembeni yake katika picha nyingi. Ninaielewa tashtiti iliyokusudiwa: anamsuta yule mfadhili wa kizungu anayekuja Afrika na mradi wa ajabu ajabu mkono mmoja na mfuko wa almasi mkono wa pili. Msuto huo ni wa haki, tumewaona watu hao. Lakini Waaka wale hawakuwemo kwenye utani. Katika nchi ambayo wao wako chini kabisa kwenye ngazi, ambapo majirani zao huwatumikisha kwa malipo ya kiduchu, alikuja mgeni mwenye bendera akazungumza habari za ajira. Kiwanda hakikujengwa.

Dalali aliyeuza cheo akidanganywa sina la kumlilia. Alikuwa muuzaji, alikutana na mnunuzi wa uongo, wamelipana. Mwenye mgodi wa almasi anayeonekana kwenye filamu, aliyekuwa tayari kumwibia mteja wake, naye namwachia mwenyewe. Ila mtu aliyeambiwa kutakuwa na kazi, akaamini, akahesabu siku, huyo hakuwa na kosa lolote la kufichuliwa. Ametumiwa kama kiti na meza zinavyotumika kwenye seti.

Miaka tisa baadaye jambo hilo likajirudia karibu zaidi na sisi. Mwaka 2020 Brügger alitoa filamu nyingine, The Mole, iliyorushwa na BBC na mashirika ya utangazaji ya nchi za Nordiki. Safari hii si yeye aliyejigeuza. Ni Ulrich Larsen, mpishi wa zamani wa Denmark aliyeacha kazi kwa ugonjwa, ambaye kwa takribani miaka kumi alijipenyeza kwenye vyama vya marafiki wa Korea Kaskazini hadi akaaminiwa. Akaungana na mtu mwingine aliyejifanya tajiri wa mafuta mwenye fedha za kuwekeza. Wakakaribishwa Pyongyang, wakaonyeshwa orodha ya silaha na bei zake, wakatia saini. Kisha wakaja Uganda pamoja na wajumbe wa Korea Kaskazini kutazama kisiwa kwenye Ziwa Victoria. Juu ya ardhi ingekuwa hoteli ya kifahari, chini ya ardhi kiwanda cha silaha na dawa za kulevya.

Kama ni kufichua, filamu ile ilifichua kweli kweli. Ilionyesha, kwa picha na sauti, jinsi nchi iliyowekewa vikwazo na Umoja wa Mataifa inavyotafuta pa kupenyea, na mawaziri wa mambo ya nje wa Denmark na Sweden walitangaza kwamba wangelifikisha suala hilo kwenye Umoja wa Mataifa. Kazi ya Larsen ni ya ujasiri ambao mimi sina. Lakini kisiwa kile kilikuwa na watu. Wavuvi, mitumbwi, watoto. Wao waliambiwa kuhusu hospitali. Anayejua maisha ya visiwa vya ziwa lile anajua uzito wa neno hilo: mama akishikwa na uchungu usiku, na upepo umechafuka, hospitali iko upande wa pili wa maji. Usiwaambie watu wa mahali pale neno hospitali kama hukukusudia.

Wapo watakaosema bila uongo ule Wakorea wangeshtuka, na mpango mzima ungeharibika. Huenda. Ninachosema ni kwamba gharama hiyo ilikuwepo, na haikulipwa na aliyepata sifa ya filamu.

Mfano wa Bhopal unanisaidia kuupima ubishi huu. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984 gesi yenye sumu ilivuja kwenye kiwanda cha Union Carbide katika mji huo wa India, ikaua maelfu. Miaka 20 kamili baadaye, mtu mmoja wa kikundi cha Wamarekani kiitwacho The Yes Men alijitokeza BBC World akijifanya msemaji wa Dow Chemical, kampuni iliyokuwa imeinunua Union Carbide, akatangaza fidia ya dola bilioni 12. Hisa za Dow huko Frankfurt zikashuka mara moja. Kabla ya saa kadhaa kupita ukweli ukajulikana. Walioupongeza mchezo ule walisema umeonyesha kwamba soko linaiadhibu kampuni kwa kutenda haki. Walioulaumu waliuliza: na wale wa Bhopal waliolia kwa furaha je? Wahusika walikwenda wenyewe Bhopal baadaye kuonana na watu hao na kuzungumza nao uso kwa uso, na nilipolijua hilo nilibadilisha kiasi hukumu yangu juu yao. Kilichonigusa ni safari yenyewe. 

Nani alitaja fedha kwanza?

Swali la pili ambalo watu huchanganya ni la mtego. Je, ukimtega mtu akala, umemfichua au umemharibu?

Sheria za nchi mbalimbali zinajibu tofauti, ila kiini ni kimoja: huyu mtu alikuwa tayari, au wewe ndiye uliyempandikizia nia? Mwishoni mwa miaka ya 1970 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilimbuni tajiri wa Kiarabu ambaye hakuwepo, likawaalika wanasiasa kwenye vyumba vyenye kamera. Seneta mmoja na wabunge sita wa baraza la wawakilishi walitiwa hatiani. Utetezi wa wengi ulikuwa kwamba walitegeshwa, na mahakama hazikuukubali, lakini mjadala ulikuwa mkali kiasi kwamba FBI iliwekewa miongozo mipya. Na hao walikuwa dola, wenye hakimu wa kuwaangalia. Mtengenezaji filamu hana hakimu. Ana mhariri, ana mwanasheria wa kampuni, na ana dhamiri yake.

Mimi nina kipimo cha kienyeji: nasikiliza nani alitaja kiasi kwanza. Mwaka 2001 waandishi wa tovuti ya habari ya Tehelka huko India walijifanya wauza silaha. Bangaru Laxman, mwenyekiti wa chama tawala cha BJP, akanaswa kwenye kamera akipokea rupia laki moja. Alijiuzulu, na mwaka 2012 mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka minne. Ila Tehelka wenyewe walikuwa wamewapelekea baadhi ya maofisa wa jeshi wanawake waliolipwa, na jambo hilo liliwachafulia kazi ambayo ingesimama vizuri bila ya hilo. Ushahidi wa hongo ulikuwa tayari umetosha. Kilichoongezwa kiliwapa watuhumiwa pa kushikia.

Kanuni za maadili ya uandishi wa habari nchini Kenya zinaliweka suala hili kwa namna ninayoiona ya busara: mwandishi ajitambulishe, asipate habari kwa udanganyifu, isipokuwa kwa maslahi ya umma na pale tu ambapo habari hiyo haipatikani kwa njia nyingine. Sehemu ya mwisho ndiyo nzito. Je, soko la vyeo vya kidiplomasia lingeonekana kwa njia nyingine? Sidhani. Nani angekubali mahojiano? Je, kiwanda cha kiberiti kilihitajika ili soko hilo lionekane? Hapo jibu langu ni hapana.

Ukitaka kuona mfano wa karibu ambao haukuhitaji vazi la kuchekesha, tazama Ghana. Anas Aremeyaw Anas, anayejitokeza hadharani akiwa amefunika uso kwa pazia la shanga, alionyesha mwaka 2015 majaji zaidi ya 30 wakihusishwa na rushwa. Mwaka 2018 akageukia mpira wa miguu. Rais wa chama cha soka cha Ghana alianguka, na mwamuzi msaidizi kutoka Kenya, aliyekuwa ameshateuliwa kwenda Kombe la Dunia nchini Urusi, alionekana akipokea dola 600. Hakwenda. Dola 600, na ndoto ya maisha yote ya mtu. Sina furaha na picha ile hata kidogo, lakini ilikuwa lazima ionekane, kwa sababu mechi tunazolipia viingilio huamuliwa pia na noti kama zile.

Bei ya kazi hiyo ilikuja kulipwa. Ahmed Hussein-Suale, mmoja wa timu ya Anas, picha yake ilionyeshwa kwenye televisheni na mbunge aliyekuwa amekasirishwa na upekuzi huo, watazamaji wakahimizwa wampige. Tarehe 16 Januari 2019 alipigwa risasi ndani ya gari lake jijini Accra, akafa. Brügger alirudi Denmark. Simlaumu kwa kurudi kwao, ila tofauti hiyo tusiifiche. Mzungu mwenye pasipoti ya Ulaya akijifanya mfisadi barani Afrika anaweza kupanda ndege siku mambo yakichacha. Mwandishi wa Accra, wa Dar es Salaam, wa Goma, analala palepale alipompiga picha mkubwa.

Serikali ya Liberia ilipoiona The Ambassador ilikasirika, na hasira yake ya kwanza ilimwendea aliyepiga picha. Biashara ya vyeo iliendelea. Mwaka 2023 waandishi wa Al Jazeera, wakijifanya wahalifu kutoka China wenye zaidi ya dola bilioni moja za kusafisha, walimrekodi mjumbe maalum wa kidiplomasia wa Zimbabwe akiwaeleza jinsi hadhi yake ingesaidia kuingiza fedha hizo nchini. Yeye alikana kutenda kosa. Miaka 12 imepita kati ya filamu hizo mbili, na mfuko ni ule ule usiofunguliwa.

Kwa hiyo nataka zitengenezwe nyingine. Nataka zitengenezwe na watu wa kwetu, wanaojua karani hutazama vipi anapokuwa na kiganja juu ya faili. Ila kwenye bajeti, baada ya kamera, baada ya suti na bahasha za kugawa, uwekwe mstari wa nauli. Mtu apande boti akavuke kwenda kisiwani, akutane na wazee waliowahi kukusanyika kumsikiliza mgeni, awaeleze kwa lugha yao kwamba hospitali ile ilikuwa maneno ya filamu, awaombe radhi, na akae asikilize watakachomjibu.